Aliyeigiza Mzimu Katika Filamu Yetu

Najua utasema natangaza filamu yangu. Sema tu. Lakini mimi nipo, mume wangu Jared yupo, Consolata yupo, na ukifika Awendo ukatuuliza kila mmoja peke yake, utasikia habari ile ile. Sisi tulikaa na mtu aliyekufa. Tulimpa kiti, tukammiminia chai, tena mimi mwenyewe nikamwambia apaze sauti kidogo.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga. Nilizaliwa Asumbi nikaolewa Awendo, ndiyo maana hapa wananiita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Ukiwapiga watu picha wakilia na wakicheza kwa muda mrefu, unafika mahali unatamani kutunga cha kwako. Nikaandika hadithi ya mjane anayetembelewa na marehemu mumewe kila jioni. Mzimu wenyewe una wivu, kila mwanamume anayekuja kuposa anatimuliwa mbio. Nilitaka watu waogope. Jared aliposoma alicheka hadi akapaliwa.

"Hii ni ya kutisha ama ya kuchekesha?" akauliza.

Nikamwambia anipishe.

Mjane aliigizwa na Consolata, msusi wa hapa sokoni, ambaye kweli amefiwa na mume na kweli ana mdomo wa utani. Mzimu angekuwa mwalimu mmoja rafiki yetu. Sasa, siku ya kupiga sehemu kubwa ya filamu, mwalimu akapiga simu: malaria imemlaza. Kamera nzuri nilikuwa nimeiazima, kesho yake ilitakiwa kwingine. Tulikuwa nyuma ya nyumba ya Consolata, pale miwa inapoanzia, jua likiteremka. Nikakaa kwenye nyasi, machozi yakinilengalenga.

Hapo ndipo akatoka kwenye miwa.

Hakuwa mzee, hakuwa kijana. Shati la kijani lililofungwa vifungo hadi shingoni, miguu mitupu, panga la kukatia miwa mkononi. Aliliegemeza ukutani kwanza, kwa adabu, ndipo akasogea. Nani angeshtuka? Wakata miwa huku ni wengi kama kuku.

"Amosou uduto," akatusalimu kwa Kijaluo, nawasalimu nyote. Kisha akanigeukia. "Mama, nimesikia mnatafuta mtu."

"Nani amekuambia?"

"Sauti zenu zinafika mbali kule ndani."

"Umewahi kuigiza?"

"Si ni kukaa tu na kunywa chai? Hiyo nitaweza. Lakini mniache niseme jina langu."

Nikadhani ni mtu wa kupenda sifa. Nikamwonyesha kiti, nikamfundisha maneno machache, Jared akavaa vipokea sauti vya masikioni na kuinua maikrofoni. Tukaanza.

Consolata akamimina chai, akasema maneno yake. Yule mtu akajibu vizuri sana, kwa sauti ya upole. Halafu akaacha maneno yangu, akashika yake.

"Mimi ni Ouma. Kwetu ni Rangwe, kwa mzee Okelo mtengeneza ngoma. Nyoka aliniuma katikati ya miwa, wenzangu walikuwa wameshatangulia, hakuna aliyeniona. Dada yangu Perpetua anafikiri nilioa Tanzania. Nimechoka kulala nje."

Kwenye hadithi, Consolata alipaswa kupiga mayowe. Hakupiga. Machozi yalimtoka, na papo hapo akacheka kidogo, akamwambia, "Basi kunywa chai, baba. Ikipoa haina ladha."

Na unajua mimi nilifikiria nini? Nilifikiria, huyu mtu ana kipaji!

Niliposema tumemaliza, alisimama, akasema "erokamano", asante, akachukua panga lake na kuingia miwani. Nilimwita arudi tule pamoja. Niamini, hata paka akipita kwenye miwa utasikia majani yakikwaruzana. Yale hayakutikisika hata moja.

Kikombe kilikuwa kimejaa pomoni.

Tukarudisha video tuitazame. Kiti kitupu. Sauti yake ipo, kila neno lipo, lakini Consolata anamiminia hewa chai. Jared alivivua vya masikioni akaviweka mezani polepole, kama vimemchoma. Tulijifungia ndani tukaomba, mimi Kikatoliki, Consolata Kisabato, sote kwa mpigo, na sidhani kama Mungu alielewa neno.

Jared alitaka kufuta. Consolata akamkatalia. "Mtu ameomba jina lake lisikike. Wewe ni nani umfute?"

Basi tukaimaliza filamu hivyo hivyo, tukaipeleka Rangwe, kwenye ukumbi mmoja, Jumapili alasiri. Watu walipiga mayowe. Walicheka mposaji alipokimbia akiacha suruali. Ikafika sehemu ya kiti kitupu. Sauti ikataja jina, na mama mmoja mzee nyuma kabisa akasimama.

"Huyo ni Ouma! Huyo ni ndugu yangu!"

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Yeye akatembea moja kwa moja hadi kwenye shuka jeupe tulilolitundika kuonyeshea filamu, akaweka kiganja pale kwenye kiti. Nikazima mashine.

Alikuwa Perpetua. Ndugu yake alikwenda kukata miwa kabla ya enzi za simu za mkononi, na hawakuweza kumwombolezea mtu waliyeambiwa anaishi. Jamaa zake walikuja Awendo, tukatafuta pamoja, hatukuona kitu. Shamba limevunwa na kupandwa mara ngapi? Ndipo wazee wakafanya kama Wajaluo wafanyavyo mwili usipopatikana: wakachuma yago, lile tunda refu zito kama mkono wa mtu, wakalivisha sanda, wakalizika nyumbani kwao kwa sala na vilio. Nilipiga video siku hiyo. Sijawahi kuona watu wakirudi kutoka kaburini na nyuso zimekunjuka namna ile.

Nilipoifungua filamu tena, sauti ya Ouma haikuwepo. Kuku wanasikika, birika linasikika, yeye hapana. Jared ni fundi wa redio, na hadi leo hajaipata. Tunaionyesha hivyo. Consolata anasikiliza kimya, analia, anacheka, anamkaribisha mtu chai. Watu wananiambia hawajui waogope, wacheke, ama wapigie ndugu zao simu. Mimi naridhika na vyote vitatu. Nikipita kando ya miwa jioni, nasalimia.

Lakini nikuonye. Kama una ndugu aliyetoka kutafuta kazi, nawe ukajiambia tu kwamba ameoa mbali na yuko salama, mtafute. Na jioni moja mtu akitokea akakuomba kiti, usikimbie. Muulize jina, muulize kwao, kisha uende ukaseme huko. Ukinyamaza atarudi kesho, na kesho kutwa, na kiti hicho wewe hutakikalia tena.