Samli kwenye Gia

Mtu akikuharibia kwa chuki, unajua pa kuipeleka hasira yako. Dominika aliharibiwa kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomchoma.

Alikuwa mpishi wa shule pale Pasua, na miaka yote hiyo mchezo wake ulikuwa triathlon: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia, yote kwa mkupuo. Safari hii mkoa ungepeleka mwanamke mmoja tu kwenye mashindano ya taifa. Dominika umri ulikuwa unamtupa mkono, akajua nafasi hii ikimpita hairudi. Aliyemsumbua alikuwa Priska, binti mdogo anayeogelea kama kambale. Dawa yake ilikuwa moja: amkamate kwenye mlima wa Kilema, kwao, ambako alizijua kona zote tangu alipokuwa akibeba majani ya ng'ombe kichwani.

Siku ya mchujo wa mkoa, walipoiacha lami ya Himo na kuanza kupanda, akamwona Priska mbele, amechoka, mabega yanayumba. Dominika akabonyeza gia nyepesi. Haikuingia. Akabonyeza tena, kitufe kikalia, mnyororo ukabaki palepale kwenye gia nzito ya tambarare. Alisimama juu ya pedali akakanyaga kwa nguvu zake zote, magoti yakamlilia, baiskeli ikasogea kwa kusuasua hadi ikagoma kabisa. Akashuka. Kwenye mlima wake mwenyewe, Dominika alikuwa akikokota baiskeli kama mchuuzi wa ndizi, huku Priska akiyeyuka kwenye ukungu. Alilia kwa hasira, wala hakujificha.

Kwenye kona ya kanisa ukoo mzima ulikuwa umejipanga kumshangilia, na mbele yao mzee Sirili, baba yake, na koti lake la Jumapili.

"Mwanangu! Mbona unaikokota? Na samli yote ile niliyoipaka?"

"Samli gani, baba?"

"Ya ng'ombe wetu! Juzi ulipolala hapa. Nilifuta yale mafuta yako ya dukani, mepesi kama maji, nikamimina samli ya moto mpaka ndani ya gia. Mashine yangu ya kukoboa kahawa siipaki kingine, na haijawahi kunigomea."

Dominika akaingiza kidole kwenye gia. Kilitoka na tope jeupe, zito, lenye mchanga na harufu ya maziwa. Kule Pasua, chini mjini, joto liliiyeyusha samli, gia zikateleza kuliko siku zote, hata akamsifu fundi wake. Huku juu, kwenye baridi ya ukungu, samli ilikuwa imeganda na vumbi la barabara likajaa humo. Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Hawakusema afanywe nini baba aliyenyea gia.

"Umenimaliza!" alipiga kelele. "Kwa nini unashika kitu usichokijua? Mzee mzima, hovyo kabisa!"

Shangazi mmoja akajifunika mdomo kwa khanga. Dominika hakungoja, akaendelea kusukuma.

Alimaliza wa tatu. Priska ndiye aliyechaguliwa, na Dominika alimpa mkono wa pongezi bila kumtazama usoni. Hata viatu hajavua, simu ya mama yake ikaita.

"Pole, mwanangu. Kesho baada ya misa uje na isale."

Kwa Wachaga jani la isale ndilo linaloomba msamaha. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia.

"Mimi ndiye nilete isale? Mimi niliyeharibiwa?"

"Baba yako hakutukanwa na samli, Dominika. Ametukanwa na wewe, mbele ya watu."

Jumapili alilikata jani kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akilaani kimoyomoyo. Safari ya taifa ameikosa, na msamaha anaomba yeye! Alimkuta baba yake kwenye kigoda nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akapiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Mzee Sirili akalipokea hivyo hivyo, kama desturi inavyotaka.

"Nimepokea. Yamekwisha."

Dominika akainuka aondoke. Mzee alikuwa bado ameshika jani, analigeuza huku na huku.

"Mtoto humletea baba," alisema. "Baba kumpelekea mtoto, hilo wazee hawakutuachia. Sasa mimi la kwangu nilipeleke kwa nani?"

Hasira ya Dominika ilikuwa bado haijaisha. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akakaa karibu naye.