Sakafu Yangu Imenifungia Ndani

Fundi bora wa mtaa huu wa Doonside ni mimi, na sasa hivi siwezi kutoka chumbani kwa mama yangu.

Msicheke kwanza.

Ule mkaratusi ulioanguka nyuma ya nyumba nimeupasua mbao mwenyewe, nikazikausha, nikazipiga randa. Leo nimezitandika juu ya sakafu ya zamani, gundi na misumari. Zinang'aa kuliko sura zenu!

Nikafunga mlango ili nipige ubao wa mwisho nyuma yake.

Sasa mlango unafungukia ndani. Na mbao zangu ni nene.

Haufunguki tena.

Na yunifomu ya mathe ya unesi iko humu na mimi.

"Wewe fundi, shift yangu inaanza!" Mathe huyo, koridoni.

"Sukuma, mathe."

"Nisukume nini, umejenga ukuta!"

Akazunguka nje, nikampitishia yunifomu kwenye vyuma vya dirisha. Nikamwomba msumeno.

Akavaa barakoa. "Lockdown ni kukaa ndani, baba. Wewe ndiye umeielewa." Akawasha gari, akaenda.

Anarudi kesho asubuhi!

Nani ana msumeno na yuko ndani ya zile kilomita tano tunazoruhusiwa kutoka nyumbani lockdown hii? Njoo na chapati pia. Ukiikunja inapita kwenye vyuma.