Nyani wa Bati na Ukuta wa Rafu ya Tatu

Nakumbuka Ijumaa moja nyumbani kwetu Qurum, sahani za pilau hazijaondoshwa, mjomba wangu Nasoro akaniuliza tena: "Nyani wangu tayari?"

Mwanangu, mimi si mzee. Nimekutangulia kukosea tu. Nyani huyo alikuwa wa bati, ana ufunguo mgongoni, katika mchezo wa kompyuta za mwanzo, zile zilizosoma kaseti. Alipita kwenye rafu za duka la wanasesere akirusha gololi. Mjomba na marehemu ndugu yake waliucheza utotoni, wasifike rafu ya mwisho. Sasa presha ya macho ilikuwa ikimla nuru, naye alitaka kufika kabla haijazimika. Mimi, niliyejifunza kuprogramu peke yangu, nikajitolea kuuunda upya kutoka kaseti yake.

Miezi sita nikamwambia bado. Nilikuwa naandika, nafuta, naandika. Mara rangi ya garimoshi la kuchezea rafuni hainiridhishi, mara mruko wa nyani.

"Haraka haraka haina baraka, mjomba."

"Na ngojangoja yaumiza matumbo. Ulete hivyo hivyo."

Nikauleta, yeye akashika vitufe. Kwenye rafu ya tatu nyani akagonga ukuta. Akagonga tena.

"Mlango wetu uko wapi?"

"Hapakuwa na mlango, mjomba. Nyani alikuwa akipenya ukutani kwa kosa la programu. Nimelisahihisha."

"Ndugu yangu kalitafuta wiki nzima kosa hilo. We uliniuliza?"

Mama akacheka. "Huyu ukimpa kofia aishone palipochanika, atakuzibia na vitobo vya nakshi."

Nikaurudisha ukuta ulivyokuwa. Dakika kumi tu. Nyani akapenya. Mjomba akanisukumia vitufe.

"Shika wewe. Gololi sizioni. Ramadhani nlikuwa bado naziona."

Tukacheza mpaka alasiri, yeye akielekeza, mimi nikikosea. Rafu ya mwisho hatukufika.

Wasiwasi haujaniacha, hata maneno haya nimeyafuta mara nyingi. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu. Kazi ya mtu mpelekee ingali inachechemea, akwambie mwenyewe kipi kiondoke na kipi kibaki. Aibu yako itapoa; muda wake haurudi.

Mwenyezi Mungu akutulize moyo, aibariki mikono yako, na akubakishie unaowapenda wangali wanaona ulichowafanyia. Amin.