Barua ya Kuacha Kazi

Baba Mapacha alikuwa mpiga pasi wa hospitali kuu, na kwa miaka ishirini na miwili alinyoosha mashuka ya wagonjwa wengi kuliko aliowahi kuwaona. Kazi yenyewe ni ya kusimama. Mashine inameza shuka lililolowa upande huu, inalitema kavu upande ule, na mtu yuko hapo kwenye mvuke akilikunja mara nne. Jioni miguu ilikuwa imevimba, viatu havitaki kuvuliwa.

Hakutaka kufikisha miaka sitini mle ndani. Fundi wa boila alifikisha. Akaagwa kwa hotuba na zawadi ya kochi, na wiki ya kumi na moja akazikwa, kochi likiwa bado na nailoni yake. Walipotoka mazikoni Baba Mapacha alipitia dukani, akanunua daftari, akaapa kuacha kazi akiwa na hamsini, angali na miguu ya kutembelea.

Nyumba nzima ikafunga mkanda. Sukari ikashuka kutoka kilo mbili kwa mwezi hadi moja. Dada wa kazi akarudishwa kwao. Mashine ya kufulia aliyoahidiwa Mama Mapacha ikasahauliwa kimyakimya. Mama Mapacha akajifunza kwenda soko la mbali jua likizama, saa ambayo wauzaji wamechoka na mboga zinakwenda kwa bei ya kutupa. Mapacha wakashonewa sare kubwa ili zidumu, wakazivaa miaka mitatu kama waliozikopa kwa kaka yao. Kazini walimwita Mkono wa Birika. Hakukasirika.

"Mchumia juani hulia kivulini," aliwajibu, akakunja shuka lingine.

Ilichukua miaka tisa. Mwezi aliotimiza hamsini, daftari lilikubali: akiba, pamoja na kodi ya chumba cha uani, ingewalisha. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wake bora, akaenda kumsomea mkewe jikoni. Mkewe aliendelea kuchambua maharage mpaka mstari wa mwisho.

"Hongera, Baba Mapacha. Umechoka kweli. Pumzika."

"Tumefika, mama."

"Wewe umefika." Hakupandisha sauti. "Na mimi barua yangu ya kuacha kazi niipeleke kwa nani?"

Baba Mapacha aliikunja barua. Alirudi chumbani kwenye daftari lake, akalipekua tangu ukurasa wa kwanza. Nauli yake ilikuwamo, viatu vyake vilikuwamo, hata dawa ya kuchua miguu yake. Lakini kufua kwa mikono miaka tisa, kubeba kikapu kutoka soko la mbali, kugawa nyama ya watu wawili iwatoshe wanne, vyote havikuwa na mstari hata mmoja. Aliona haya, mtu mzima, peke yake kitandani.

Barua aliipeleka, maana miguu ilikuwa imegoma. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu aliamka saa kumi na moja kwa mazoea, akamkuta mkewe uani ameinamia beseni, mkono mmoja kiunoni. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akachukua shati. Lilikuwa shati lake mwenyewe.

Mama Mapacha alimtazama kidogo, kisha akasimama kwa awamu mbili, akafuta mikono kwenye gauni.

"Kola ndiyo inayosumbua," alisema. "Na nikichelewa kuamka, usinigongee."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Baba Mapacha, bingwa wa mashuka, hakufika shati la tatu kabla mgongo haujaanza kumuuma. Aliangalia rundo lililobaki, akauangalia ule mlango. Akainama, akaendelea kusugua.