Koili Kubwa Kama Sinia

Mke wangu alifunga hereni zake za dhahabu kwenye pindo la kanga, akaenda kuanika dagaa ufukweni Ujiji. Fundo likafunguka, hereni zikapotea.

Shemeji, kaka yake, akaja na mashine yake ya kutafutia dhahabu. Nikamwambia afunge koili ndogo, lile duara la chini linalonusa madini, maana mchanga ule umejaa misumari ya mitumbwi. Wapi! Akafunga kubwa kama sinia, ikapiga kelele kila hatua. Akaipunguzia usikivu mpaka ikawa bubu, kisha akatangaza, "Hapa hakuna dhahabu." Nusura nimtupe ziwani na sinia lake.

Jioni, kwenye ugali na dagaa wale wale, shemeji akang'ata kitu, akapiga yowe. Hereni!

Mke wangu akamwongezea dagaa. "Kula, kaka. Zilikuwa mbili."