Kilele Kimoja cha Chumba cha Uani

Kwa miaka thelathini na moja alipiga picha za eksirei hospitalini, na hadi leo majirani humwita Mzee Mionzi. Alistaafu na mgongo mbovu na mazoea ya kupima. Mashine aliyojiundia inaenea kwenye sinia: fuwele inayometameta inapopigwa na mionzi, imefungwa utepe mweusi, na waya unaoingia kwenye kompyuta chakavu. Ni spektromita. Huchora vilele kwenye grafu, na mahali pa kila kilele panaeleza mionzi imetoka kwenye kitu gani.

Ila ni lazima ifundishwe kwanza. Kila Jumatatu asubuhi, sebuleni, huiwekea mfuko wa chumvi ya potasiamu ambayo mkewe aliandikiwa na daktari kwa ajili ya presha. Baada ya saa mbili kilele huinuka, naye hukiandikia namba ya potasiamu: 1460.

Jumatatu moja, baada ya kazi hiyo, aliipeleka kwenye chumba cha uani anamoishi bintiye na mtoto wa wiki sita. Nondo za chumba hicho zilitokana na chuma chakavu, na kazini aliwahi kusikia mashine za hospitali zikiishia kwa wauza vyuma. Saa nane mchana kilele kilisimama karibu na 1330. Namba hiyo aliijua: kobalti, ile ya mashine za kutibu saratani. Alimwambia binti atoke. Jioni hiyo binti alikuwa kwa shangazi yake, na mtoto, na beseni la kuogea.

Siku tatu mzee alikula kwa shida.

"Chumba umekipaka rangi mwenyewe," mkewe alisema akimenya vitunguu. "Leo unakizunguka kama kuna nyoka."

"Kobalti ina vilele viwili, mama. Mapacha. Hawatembei mmoja mmoja. Mimi nimeona mmoja tu."

"Mimi niulize vitunguu."

Saa nane alirudi uani na mfuko wa chumvi. Chini ya bati, fuwele ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Aliweka chumvi kando yake, akasubiri. Kilele hakikuhama, wala kingine hakikuzuka penye 1460. Kilipanda palepale, penye 1330.

Joto lilikuwa limezivuta namba zote chini. Alikuwa ameifundisha mashine kwenye ubaridi wa asubuhi, kisha akaihoji kwenye tanuri. Ile ilikuwa potasiamu tu, iliyomo kwenye udongo wa matofali na hata kwenye misuli yake mwenyewe.

Alimpigia binti simu, akamwambia arudi.

"Baba, Jumatatu ulisema nitoke. Leo nirudi?"

"Nilikosea, mwanangu."

"Ulikosea lini? Jumatatu, au leo?"

Alianza kueleza habari za joto, akasikia mwenyewe jinsi anavyosikika, akaacha.

"Lala humo wewe kwanza," binti alisema. "Mwezi mzima. Nikija nikukute mzima."

"Kujikwaa dole si kujikwaa ulimi," mkewe alisema simu ilipokatika. Hata hivyo alishika upande wa pili wa godoro. Walilivusha uani polepole, wakipumzika mara mbili kwa sababu ya ule mgongo.

"Angalau utakoroma peke yako."

Mzee aliitua sinia sakafuni, kando ya godoro, akaweka mfuko wa chumvi. Safari hii hakuandika chochote. Aliketi, akaacha kwanza fuwele ipate joto la chumba.