Tundu la Sebuleni

Kwa miaka thelathini baba yangu alikuwa fundi wa kuta katika jumba la sanaa. Kila baada ya miezi mitatu picha za maonyesho zilishushwa, ndipo kazi yake ilipoanza: kung'oa misumari, kuziba matundu kwa lipu, kupiga msasa, kupaka rangi nyeupe. Wenzake walimwita Mzee Lipu. Mgeni akigundua tu mahali palipozibwa, baba alinuna siku nzima. "Kazi yangu ikionekana, nimeiharibu," alisema.

Mama alipofariki, niliiomba picha yake ya sebuleni nikaenda nayo kwangu. Baba aliung'oa msumari mwenyewe.

Niliporudi baada ya miezi minne, tundu lilikuwa palepale, limeachama. Mimi nina hasira za karibu. "Baba, matundu ya watu umeyaziba maisha yako yote, hili moja la nyumbani linakushinda nini?"

Hakuinua macho. "Mwanangu, mimi huziba maonyesho yakiisha. Hapo hayajaisha."

Kesho yake nilimrudishia picha. Msumari aliutoa mfukoni.